Moto Tuliokulindia

Makazi mapya ya bondeni,
Virginia,
Jumapili, 9 Mei 1937.

Kwa kaka yangu Hollis,

Pokea salamu zetu nyingi, zinazovuka milima yetu na milima mingine nisiyoijua majina mpaka zikufikie huko Idaho. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokanyaga msumari umepona na unavaa buti bila kuchechemea. Mama ameniambia nikuandikie kwamba sisi huku hatujambo, kwamba Bibi hajambo na anakusalimu, kwamba ng'ombe amezaa ndama jike, na kwamba nyumba mpya ina madirisha ya vioo na sakafu isiyopitisha upepo. Hayo ni maneno ya Mama na nimeyaandika kama alivyoyasema. Sasa ameondoka kwenda kanisani, mimi nimebaki nyumbani na kalamu. Yanayofuata ni yangu.

Picha yako tunayo. Umenenepa shingo, na kofia imekukaa vizuri. Mama ameipigilia ukutani na kila mgeni lazima aonyeshwe. Bi Cordie Haney, ambaye sasa ni jirani yetu wa mlango wa pili, aliitazama akasema kijana mzuri hivyo atarudi na mke wa huko huko. Mama akamjibu kwamba wanawake wa huko hawajui kuoka mkate wa mahindi, kwa hiyo atakachorudi nacho ni njaa tu. Walicheka sana. Mimi nilitoka nje.

Katika barua yako ya mwisho umeuliza mara mbili mbona hatukujibu kuhusu moto. Unataka kujua kama tulihama nao salama, na ni nani aliyeubeba. Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Wewe unanijua, Kaka. Hata kanisani nikiitwa kusoma aya sauti hunikwama kooni. Shuleni, mpaka siku Mwalimu Pruitt alipofunga mlango wa shule na kutuaga, sikuwahi kunyoosha mkono hata mara moja, hata pale nilipolijua jibu. Lakini karatasi hainitazami usoni, basi nitakujibu. Na nitakueleza kama mtu asiyejua lolote kuhusu nyumba yetu, kwa sababu naona umeanza kusahau.

Moto wetu ulifika mlimani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya Kaskazini na Kusini, ndani ya chungu cha chuma, umefunikwa majivu, mkononi mwa babu yake Babu. Tangu siku hiyo haukuzimika. Kila jioni Bibi aliulaza kwa kuufukia majivu, na kila alfajiri aliuamsha kwa kuufukua na kuupulizia. Nyumba zilizozimikiwa zilikuja kwetu na koleo kupaa moto, yaani kuchukua makaa ya kuwashia kwao, na Bibi hakumnyima mtu, hata aliyegombana naye. Kazi ya mwanamke ni kuulaza na kuuamsha. Kuubeba siku ya kuhama ni kazi ya mwanamume wa nyumba. Baba alipoangukiwa na gogo akafa, mwanamume wa nyumba ukawa wewe.

Ulipojiandikisha katika jeshi la miti, lile la serikali linalowapa vijana kazi ya misitu, ulimwambia Bibi kwamba ni mwaka mmoja tu, na kwamba hata serikali ikitaka kutuhamisha ili mlima uwe hifadhi yake ya taifa, utakuwa umerudi. Ulipiga goti mbele ya meko. Ulimwambia asimpe mtu yeyote chungu, utakuja ukibebe mwenyewe. Nilikuwa mlangoni nikichambua maharage na nilikusikia vizuri. Bibi alikushika kichwa akasema vema.

Basi tukakusubiri. Vijana wa kambi walikuja mlimani msimu huo huo ulioondoka. Nilidhani watakuwa kama wewe, maana ni jeshi lenu hilo hilo la miti na sare ni ile ile, lakini wengi wao walitoka mijini na hawakujua hata kushika shoka. Lori lao lilipopita walinipigia miluzi, wakaniuliza kama watu wa huku juu huzaliwa na viatu au huvivuna. Kwa kuwa sikujibu, mmoja alinipa jina la Bubu, na jina likashika. Bibi alitoka barazani akawauliza kama wamelelewa na mama zao au na mbuzi, maana kama ni mbuzi, basi mbuzi wa kwetu wana adabu kuliko wa mjini. Walicheka mpaka lori likasimama. Kuanzia siku hiyo walimpenda, na kila walipopita walilia kama mbuzi naye akawatishia fimbo.

Kazi yao ulikwisha kuisikia. Kila familia iliyoondoka, walipanda kwenye nyumba yake wakang'oa paa, wakaburuta magogo, na mwishowe wakafunga dohani ya mawe kwa mnyororo nyuma ya lori wakaivuta mpaka ikaanguka. Kisha wakapanda miche ya misonobari palipokuwa na jiko la jirani zetu akina Yowell, ili wageni watakaopita kwa magari waone pori tupu na waseme hivi ndivyo Mungu alivyoliumba. Msimamizi wao, Bwana Tharp, si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alimwambia Mama kwamba familia yenye mtoto jeshini itaondoka ya mwisho, na hilo alilitimiza.

Katika vijana hao alikuwepo mmoja mrefu aitwaye Kazimir, wenzake humwita Kaz, mtoto wa mchimba makaa wa Pennsylvania. Huyo alikuja siku zake za mapumziko akampasulia Bibi kuni bila kuombwa, kisha akala mkate na jemu ya matofaa kama mtu aliyefungiwa bila chakula. Bibi alimwuliza kama anakufahamu wewe, kwa kuwa mko jeshi moja. Akajibu kwa heshima kwamba Amerika ni kubwa sana, bibi. Bibi akamwambia si kubwa kiasi cha mtu kushindwa kurudi kwao.

Mwanzoni mwa Machi ikafika barua yako. Tulikuwa tumeketi wote watatu kando ya moto, nikaisoma kwa sauti. Ulisema wamekufanya kiongozi wa vijana wenzako, unafundishwa kuendesha lori, na umejiandikisha miezi sita mingine. Ulieleza pia jinsi unavyowafundisha vijana wapya kuua moto porini: maji, koroga, maji tena, kisha ingiza mkono mtupu mpaka chini ya majivu, na ukihisi joto hata kidogo, anza upya. Bibi alicheka. Alisema ni kazi nzuri, moto wa porini hauna mwenyewe.

Mama alifurahi, nisikudanganye. Bibi aliniomba nirudie kusoma. Nilipomaliza aliniuliza kama hukuandika chochote kuhusu chungu. Nikageuza karatasi huku na huku. Hukuwa umeandika. Akachokonoa moto, halafu akasema utakuwa umesahau kuandika, na kwamba tutakusubiri.

Mama alijaribu kila njia. Alimwambia Bibi kwamba Bwana Tharp hatangoja miezi sita, na kwamba mtu mwingine anaweza kubeba chungu. Alimtaja binamu yake, Bibi akasema huyo hata ndoo ya maziwa humwagika mkononi mwake. Ndipo Mama akanitaja mimi. Nilikuwa nimejiandaa, kwa siku kadhaa nilikuwa nikijizoeza kupanda na kushuka njia na chungu kilichojaa mawe, peke yangu, wasipokuwepo. Bibi hakukasirika. Alinitazama kwa upole akasema msichana hubeba moto pale tu wanaume wa nyumba wamekwisha kufa wote. Kunipa mimi chungu ni kuutangazia mlima kwamba Hollis hayupo tena duniani. Akasema hatakuzika ungali hai.

Hivyo tulikaa. Nyumba moja baada ya nyingine ililala chini. Wiki ya kwanza ya Aprili Bwana Tharp alikuja kofia mkononi, akasema hana tena siku za kutuongezea, wakubwa wake wanamwuliza kwa nini bado kuna moshi upande wetu. Mama akakubali. Kaz na wenzake walisaidia kupakia vitanda, meza na cherehani, na Mama akashuka na lori kwenda kupokea nyumba. Mimi na Bibi tulibaki kulala usiku wa mwisho, na asubuhi lori lirudi kutuchukua. Mama alitumaini kwamba nyumba ikiwa tupu Bibi atalegea.

Asubuhi ilikuja na ukungu. Bibi aliamsha moto kama kawaida, tukala mkate uliobaki. Kaz alikuja na vijana wawili na ndoo na vifaa vyao, akatusalimu, akaketi kwenye gogo uani kungoja, hakutuharakisha hata kidogo. Bibi akaniambia nimshike mkono nimpeleke makaburini. Hakusema kwa nini. Nilidhani anakwenda kuaga.

Njia ya makaburini unaijua ilivyo kali. Alipumzika mara nyingi. Tulipofika, aliniambia nisimame mbali kidogo, akaketi kando ya kaburi la Babu akaanza kuzungumza naye kama mtu anavyozungumza na jirani juu ya ua. Sikutaka kusikiliza, lakini mlima ulikuwa kimya. Alimwuliza Babu afanye nini. Akamwambia kijana hajafa ila haji, na kwamba yeye hajui mtu wa namna hiyo anaitwaje. Akamwambia msichana yupo, ana mikono imara, amekuwa akibeba mawe kwenye chungu akidhani haonekani. Akauliza kama itakuwa dhambi.

Alipoinuka uso wake ulikuwa mwepesi. Njia nzima ya kuteremka alinifundisha. Nisibembeze chungu. Niweke majivu mengi chini, makaa ya mti wa mwaloni katikati, majivu tena juu. Nitembee kama niliyebeba mayai. Upepo ukija niupe mgongo. Nikichoka nisikiweke kwenye ardhi yenye unyevu. Na nikifika nisimpe Mama, niuweke mekoni mwenyewe. Kaka, sijui kama umewahi kuona mlima wetu ukiwa mzuri namna ile. Mimi ambaye huwa natembea nikitazama vidole vyangu, nilitembea nikitazama mbele.

Tulipofika uani nilisikia harufu ya majivu yaliyolowa.

Kaz alitoka mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, mkono mmoja mweusi mpaka kwenye kiwiko, na alikuwa akitabasamu. Alisema ameona bora atusaidie ili bibi asihangaike kubeba maji. Amemimina ndoo nzima, amekoroga, amemimina tena, ameingiza mkono mpaka kwenye jiwe, hakuna hata kaa moja lililobaki. Akaeleza kwamba mwezi uliopita meko ya nyumba nyingine yaliachwa na makaa na upande mzima wa mlima ukaungua, ndiyo maana sasa amri ni kuzima kwanza, kubomoa baadaye. Aliyasema hayo kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha kazi aliyotumwa.

Bibi alimpita akaingia ndani. Alipiga magoti mbele ya meko, akaingiza mkono wake ndani ya tope lile, palepale Kaz alipoingiza wake. Alikaa hivyo. Kisha akamwuliza, bila kugeuka, ni nani aliyemfundisha. Kaz akasema hilo ndilo somo la kwanza kambini, kila mmoja anafundishwa, hata yule mjukuu wake huko aliko lazima analijua. Bibi akasema ndiyo, analijua, analifundisha, alituandikia. Akamwambia, basi umefundishwa vizuri.

Mimi nilijitupa chini nikachimba kwa kucha. Nilipasua kila kipande cha mkaa. Ndani vilikuwa vyeusi vyote. Hapo Kaz akaanza kuelewa, akageuka mweupe kama unga, akaniuliza nini, dada, kuna nini. Nikamwambia. Nadhani hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia. Akapapasa mfukoni akatoa kiberiti, akaninyooshea kwa mkono ule mweusi, na kwa sauti ndogo akaniuliza, kwani moto si moto tu, dada?

Nilikumbuka kwa Elzie Dodson, ng'ambo ya mgongo wa mlima. Ule mwaka wa theluji nyingi mama yake alikuja kwetu kupaa moto, na tangu hapo hawakuwahi kuzimikiwa, kwa hiyo moto wa Elzie ulikuwa wetu. Nilichukua chungu nikakimbia. Nilianguka kijitoni, nikaendelea. Nilipofika kileleni nilitafuta moshi wake, nikadhani ukungu unauficha, nikateremka. Nilikuta mawe ya dohani yamelala kifudifudi kwenye nyasi na alama za matairi ya lori. Mawe yalikuwa baridi. Elzie alikwisha kuondoka siku kadhaa kabla, na hakuna aliyetuambia, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyebaki wa kutuambia.

Niliporudi Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha lori, shali limefungwa vizuri, anatazama mbele. Aliniona na chungu kitupu, akasogea kunipa nafasi.

Hapa chini bado nilikuwa na tumaini moja. Bi Cordie naye alipaa moto kwa Elzie zamani, nikadhani amehama nao. Nilikwenda kubisha mlango wake siku ile ile, mimi nisiyebisha mlango wa mtu. Akanishangaa. Alisema makaa aliyamwaga uani kwao kule juu siku ya kuondoka, kwa nini ahangaike na chungu wakati hapa kuna jiko la chuma na viberiti vinagawiwa bure? Akanipa kimoja nimpelekee Mama.

Mama aliwasha jiko kwa kiberiti hicho. Linawaka vizuri, halina moshi. Bibi aliketi akilipa mgongo. Hakulalamika, alikula alichopewa, alisema asante, alimsifu Mama kwa madirisha. Ila aliacha kuamka alfajiri. Miaka yote yeye ndiye aliyetangulia kuamka nyumbani mwetu, na sasa alilala mpaka jua likamfikia usoni, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuamsha. Kisha akaacha kuamka kabisa. Daktari wa makazi alisema ni moyo na uzee.

Kaka, hapa ndipo mkono wangu unaposita, lakini nitaandika. Bibi hajambo kwa maneno ya Mama tu. Bibi amefariki. Alifariki Jumatano ya mwisho ya Aprili, alfajiri, saa ileile aliyokuwa akiamsha moto.

Siku zake za mwisho hakunitambua tena. Aliniita Hollis. Mara ya kwanza nilimrekebisha, akahuzunika, akaanza kutazama mlangoni. Mara ya pili niliitika. Akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikasema njia ilikuwa ndefu. Akaniuliza kama nimekuja na chungu. Nikamwambia nimekuja nacho. Akasema nikiweke chini basi, nisijiunguze, nimebeba vya kutosha. Nikainama nikakiweka chini, Kaka, mikono mitupu, nikakiweka taratibu kama alivyonifundisha, na yeye akafuatisha kwa macho mpaka kikafika sakafuni. Baada ya hapo hakuzungumza tena.

Tulimrudisha mlimani, Bwana Tharp alitoa ruhusa bila maneno mengi. Tatizo likawa wa kubeba jeneza. Wanaume wa kwetu wametawanyika, na waliopo hapa ni wawili, mmoja ana mguu mbovu. Kaz alikuja mlangoni na vijana watano, nywele wamezilowesha maji na kuzichana, hakuna aliyelia kama mbuzi. Aliomba kwa Mama kama wanaweza kubeba. Mama akasema ndiyo, kwa kuwa angesema nini? Walipanda ile njia kali wakimbeba wao, waliobomoa nyumba yake. Kaz alishika upande wa kichwani, mahali pako. Tulipita penye uwanja wetu, miche imekwisha kupandwa, na mmoja wa vijana aliruka mche mmoja asiukanyage. Tulimzika kando ya Babu, uso mashariki.

Mama hakutaka ujue. Anasema ukisikia utaacha kazi kabla ya muda, utafukuzwa kwa jina baya, na pesa unayotuletea ndiyo inayolipia nyumba hii. Anasema ni afadhali ukae miezi yako sita bila mzigo huu, utaambiwa ukirudi. Usimchukie. Mama si mwongo, ni mtu aliyechoka. Hawezi kusoma ninachoandika na ananiamini. Barua yako iliyotangulia hii ya mwisho tuliijibu hivyo, na mimi ndiye niliyeshika kalamu, lakini sasa sitaki tena kuandika salamu za mtu aliye kaburini.

Sikuandikii ili ulie. Wala sikulaumu kwa kubaki huko, maana najua huku hapakuwa na kazi, na najua unakula nyama kila siku na unajifunza lori. Sikulaumu hata kwa kuwafundisha vijana kuua moto. Ninachokulaumu ni kitu kidogo. Ulimwambia Bibi asimpe mtu chungu, kisha ukasahau kwamba ulimwambia. Ulijaza kurasa mbili za barua ya Machi kwa lori na cheo na supu ya kambini. Ungeandika mstari mmoja, "mpe Orpha," angenipa siku ile ile, kwa baraka zako, na ningeteremka nao kabla ya ndoo ya mtu yeyote. Maneno mawili, Kaka. Alikusubiri kwa sababu ya neno lako, na wewe hukuwa nalo tena.

Sasa nisikilize, kwa kuwa sijawahi kukuomba kitu. Barua zako nitaendelea kumsomea Mama kwa sauti, na Mama hatakiwi kujua kwamba nimekueleza. Ukiamua kubaki huko mpaka miezi iishe, au hata izidi, andika kama kawaida. Mwulize Bibi hali yake, mtumie salamu, mwambie unakuja. Nitazisoma zote bila kuruka hata neno moja. Mama atalia kidogo akiamini hujui, na mimi nitakuwa nimelipata jibu lako, na sitakuandikia tena kwa mkono wangu, ila yale tu Mama atakayoniambia.

Na kama unakuja, usiandike chochote. Njoo tu.

Nakuaga kwa salamu za Mama, ambazo ni za kweli, na za Bi Cordie aliyenituma. Mungu akulinde na msumari, na miti inayoanguka, na homa ya huko.

Ni mimi mdogo wako,
Orpha Sisk.